Mwenyekiti wa Minyaa

Sikuwahi kumpenda Mwenyekiti, na naanza kwa kusema hivyo ili msomaji asije akadhani kwamba nimemwekea kinyongo kwa jambo moja tu. Mambo yalikuwa mengi. Kulikuwa na filimbi aliyoivaa shingoni. Kulikuwa na kofia pana ambayo hakuivua hata kivulini. Kulikuwa na ile tabia yake ya kuweka mguu mmoja juu ya tuta la udongo uliochimbwa na watu wengine, mikono kiunoni, akitazama mbali kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Na mara nyingi kweli alikuwa anasubiri kupigwa picha.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kujitolea hapa Mapinga, cha kutengeneza njia za miguu na kupanda miti. Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Hata mkewe alimwita Mwenyekiti. Uenyekiti huo alijipa mwenyewe kwenye mkutano wa kwanza, kabla watu hawajakaa vizuri, kwa kusema kwamba kikundi bila uongozi hakiendi na kwamba yeye yuko tayari kuubeba mzigo. Hakuna aliyempinga. Wengine walikuwa wamechoka na safari ya Dar ya kila siku, na wengine, kama mimi, tulikuwa tumekuja kwa ajili ya njia tu.

Kwa asiyeijua Mapinga: zamani hapa palikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Siku hizi ni viwanja. Mtu wa mjini ananunua kiwanja, na kabla hajachimba msingi wa nyumba anajenga ukuta. Anaondoka alfajiri, anarudi usiku, na jirani yake anamjua kwa rangi ya geti. Katikati ya kuta hizo ilikuwepo njia moja ya zamani, pana ya kupitisha mkokoteni, inayoanzia karibu na kibaraza ninaposhonea nguo, ikashuka bondeni, ikapanda upande wa pili mpaka zahanati. Karibu na zahanati anaishi dada yake mama yangu, mama mkubwa wangu.

Hao wawili walikuwa na desturi. Kila Ijumaa baada ya sala mmoja alimwendea mwenzake. Ijumaa hii mama anashuka na fimbo yake na kijikapu, Ijumaa ijayo mama mkubwa anapanda kuja kwetu. Hawakupelekwa na mtu wala kumwomba mtu ruhusa. Wote wawili wajane, wote magoti yamechoka, na katika maisha yao yote hicho ndicho kitu kilichobaki wanachojiamulia wenyewe. Niliposikia kuna watu wanataka kuitunza ile njia isimezwe na kuta, nikafunga cherehani nikaenda mkutanoni.

Neno alilolipenda Mwenyekiti ni kitaalamu. Shimo lilichimbwa kitaalamu. Chai ilinywewa kitaalamu, maana kulikuwa na wakati wake na filimbi yake. Alikuwa amestaafu ofisi fulani kubwa mjini, na sikupata kujua huko alifanya nini hasa, ila lazima walikuwa wanafanya vikao vingi. Jembe alilishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe: kwa adabu, mbali na mwili, akitafuta wa kumrudishia. Akishalipiga mara chache mbele ya mgeni, alilikabidhi na kuanza kutoa maelekezo.

Na hakutembea. Hili watu wakilisikia wanadhani natia chumvi. Kiongozi wa njia za miguu alikuja kila Jumamosi kwa gari, akaegesha mbele ya kibaraza changu, akakaa kwenye benchi la wateja wangu kuvaa mabuti. Kutoka kwenye benchi hilo unaiona njia mpaka pale inaposhuka, na ujuzi wake wa njia uliishia hapo. Nyumba yake ilikuwa upande huu huu, karibu na barabara kuu, na zahanati hakuwa na shida nayo, alitibiwa mjini. Nilimuuliza siku moja kama amewahi kufika ng'ambo. Akaniambia, "Fundi, kiongozi mzuri anaiona kazi nzima kutoka juu."

Juu kwenyewe ni kwenye benchi langu.

Sasa habari ya miti. Miche ya kwanza ililetwa kutoka Vigwaza kwa pikapu, mijohoro na miashoki, mizuri, imefungwa vizuri kwenye viriba. Ilipandwa wakati wa jua kali, mvua ikiwa haijulikani iko wapi, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na nafasi siku hiyo. Mzee mmoja wa hapa alishauri tungoje mvua. Mwenyekiti akasema mti unaojua kuishi utaishi. Mgeni akapanda wake, akanawa mikono, akaondoka. Wiki zilizofuata niliimwagilia ile ya karibu na kwangu kwa maji ya kufulia, lakini ya bondeni ilikauka yote, na iliyojitahidi kubaki ililiwa na mbuzi.

Mwenyekiti alipokuja kuona, alilia. Nasema kweli, machozi yalimtoka, akatoa kitambaa. Akahutubia juu ya vile vijiti vilivyokauka kwa sauti ya kukatika, akataja vizazi vijavyo. Sikudhani anaigiza, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu anayeigiza unaweza kumcheka. Huyu alikuwa na huruma ya kweli kwa mti, ila haikumpeleka bombani kuchota ndoo.

Haki yake nitampa mahali pamoja. Kijana mmoja wa kikundi alijikata mguu kwa sururu, damu ikawa nyingi. Mwenyekiti alimbeba mwenyewe mpaka kwenye gari, akampeleka hospitali Bagamoyo, akakaa naye kutwa nzima, na damu ile iliharibu viti vyake. Hakuwahi kulisimulia jambo hilo kwenye hotuba hata moja. Mtu ambaye alisimulia hata namna alivyochagua rangi ya fulana zetu, hilo alilinyamazia. Nimelifikiri mara nyingi na sijui niliweke wapi.

Baada ya mbuzi ndipo likaja wazo la minyaa. Alikuwa ameiona mahali, akapendezwa: haitaki maji, mbuzi hawaigusi, unakata tawi unachomeka ardhini linashika. Akatangaza kwamba tutapanda minyaa pande zote mbili za njia, tangu juu mpaka chini, na ndani ya uzio huo wa kijani miti ya kivuli itakua kwa usalama.

Wenyeji tukatazamana. Pwani yetu hii mtu hapandi minyaa kwa kupendezwa. Minyaa inapandwa baba anapofariki na watoto wakagawana, au ndugu wanapogombana, au shamba linapouzwa. Unapoiona imesimama mstari, unajua la fulani limeishia hapa na la fulani linaanzia. Mtoto wa hapa analijua hilo kabla hajajua kuhesabu. Nikamwambia, tena kwa adabu, kwamba watu wakiona minyaa wataona mpaka. Alinipiga bega taratibu akasema hayo ni mambo ya zamani, mji unakua, na mimi niendelee na kushona.

Jumamosi ya kupanda alileta kamba. Njia ile haikuwa imenyooka. Ilipofika bondeni ilijipinda upande wa kushoto, ikazunguka pahala penye udongo mfinyanzi ambapo maji ya masika hutuama, kisha ikarudi. Waliopita kabla yetu hawakupinda kwa kupenda kuchelewa. Lakini Mwenyekiti aliishika ncha moja ya kamba juu, akampa mtu ncha ya pili aende nayo ng'ambo, akapiga filimbi, na kamba ikanyooka katikati ya udongo ule. "Njia ni mstari," alisema. Lile pindo la kushoto likabaki nje.

Siku hiyo hiyo utomvu ulimwingia. Mnyaa ukiukata unatoa maziwa meupe, na yakikugusa jicho utajuta. Alikuwa akiwaonyesha wageni namna ya kukata kitaalamu, akajifuta jasho. Kilio alichotoa kiliwafungulisha watu mageti. Dawa yake kwetu ni maziwa ya mama anayenyonyesha, basi akatafutwa jirani, akakamua kwenye kifuniko cha chupa, na Mwenyekiti akalazwa kwenye benchi langu akitiwa matone. Kwa dakika hizo hakusema neno kitaalamu. Aliposimama alitushukuru kwa ushirikiano.

Mama alipita wakati tunamalizia, akienda kwa dada yake aliyekuwa na homa, ingawa haikuwa Ijumaa. Akasimama, akaitazama minyaa mbichi pande zote mbili, akauliza nani amefariki, maana anaona urithi unagawanywa. Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote ni Mwenyekiti, akidhani bibi amemtania. Mama hakuwa anatania. Alingoja jibu kidogo, alipoona halipo akaenda zake.

Haikupita muda, dalali akamleta mnunuzi kwenye kiwanja cha kushoto. Niliwasikia wakipita hapa kwangu. Dalali alinyoosha kidole bondeni akasema mpaka wako ni ile minyaa pale, kila mtu anaiona. Na kweli kila mtu aliiona. Yule bwana alijenga ukuta kuifuata, tofali juu ya tofali, na pindo lote, ile sehemu kavu ambayo watu walikanyaga tangu babu zetu, likawa ndani ya uwanja wake. Alipanda bustani ya mchicha.

Masika yakaingia. Njia mpya ilikuwa tope la kuzamisha goti, na kwa vile Mwenyekiti aliyapa maji mstari ulionyooka kutoka juu mpaka chini, na kuta za minyaa huku na huku, maji nayo yalifanya kazi yao. Yalichimba. Mvua zilipokwisha hatukuwa na njia, tulikuwa na korongo, na kingo zake zilimeguka ukizisogelea.

Ijumaa ya kwanza mama alisimama upande huu na mama mkubwa upande ule, wakapeana habari kwa kupiga kelele. Ilikuwa kichekesho. Mama mkubwa masikio yamepungua, basi siri zote za ukoo zilikwenda hewani: nani kaachika, mjukuu gani kakataa posa, nani anakojoa damu na hataki kwenda hospitali. Majirani wapya, wasiojuana, wakaanza kutoa ushauri kutoka nyuma ya kuta zao. Mama alirudi akicheka mpaka akakaa chini.

Ijumaa nyingine alijaribu kushuka. Sikumwona akiondoka, nilikuwa namaliza sare za shule. Vijana waliokuwa wakipita walimkuta ameketi chini korongoni, fimbo imevunjika, kijikapu kiko mbali, na maandazi aliyompelekea dada yake yametapakaa topeni. Hakuvunjika mfupa, alhamdulillahi. Lakini nilipomwogesha jioni ile, nikitoa udongo kwenye kucha zake, aliniambia nisimwambie dada yake kwamba ameanguka, nimwambie tu kuwa alikuwa na wageni. Nilimchukia Mwenyekiti usiku ule kwa moyo wangu wote, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Tulimwendea mwenye ukuta. Hakuwa mtu mbaya. Alitukaribisha, akatupa soda, akasikiliza, akasema yeye alionyeshwa minyaa na minyaa ipo, angefanyaje? Tukalipeleka shauri kwenye baraza. Wazee wa baraza walisikiliza pande zote mbili, wakasema jambo hili halina ugumu. Kila mtu anakubali kwamba minyaa ni mpya na aliyeipandisha yuko hai. Aje aseme. Akisema aliipanda kuwa uzio tu, na kwamba kamba ilivutwa bila kujua njia inapinda, basi hapakuwa na mpaka, na pindo litarudi kwa wapita njia. Hata mwenye ukuta alitikisa kichwa kukubali. Alisema akisikia hivyo kwa kinywa cha mwenyewe atavunja ukuta na kuujenga nyuma.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti mchana wa siku iliyotangulia kikao hicho cha baraza. Nilimweleza taratibu. Nikamwambia kuhusu mama na dada yake, korongo, na lile anguko. Alisikitika sana. Machozi yalikuwa karibu tena. Akanihakikishia kwamba nisiwe na wasiwasi, atazungumza. Nilipotoka mlangoni nikamkumbusha, Mwenyekiti, neno lenyewe ni moja tu: hukujua. Akasema amenielewa.

Alikuja barazani amevaa koti. Watu walikuwa wengi, na hilo ndilo lililotumaliza. Wangekuwa watatu ndani ya chumba labda angeweza. Alisimama akaeleza historia ya kikundi, changamoto, fulana, mbuzi. Wazee walimvumilia. Kisha mmoja wao, aliyekaa katikati, akamuuliza.

"Mwenyekiti, kamba uliivuta wewe?"

"Niliivuta mimi."

"Ulipoivuta, ulijua kwamba njia inapinda pale bondeni? Au hukujua?"

Nilimwona akitutazama sote, wenyeji na wageni, vijana waliovaa fulana zake, na nikaona kabisa neno likimfika kooni na kukwama. Ni neno fupi. Mtoto akivunja kikombe analisema. Kusema hakujua ilikuwa ni kusema kwamba kiongozi wa njia hajawahi kuipita njia.

"Nilijua," alisema. "Njia ile naifahamu hatua kwa hatua. Kila kitu kilipimwa kitaalamu."

Mzee alimuuliza mara ya pili, kwa upole, kama anayemfungulia mlango. Akalirudia lile lile, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Basi ikawa kiongozi wa wapita njia mwenyewe ameliacha pindo kwa makusudi na kuweka minyaa akijua, na wazee wakaamua ukuta ubaki ulipo. Mwenye ukuta alitazama chini. Nadhani hata yeye alikuja amejiandaa kushindwa. Mama, aliyekaa na wanawake nyuma, alinigusa akauliza kama kumekwisha. Nikamwambia kumekwisha.

Mwenyekiti alinifuata nje akaniuliza nimeonaje alivyozungumza.

Kikundi kilikufa baada ya hapo, bila ugomvi, kila Jumamosi mtu mmoja akipungua, mpaka akabaki yeye na filimbi kwenye benchi langu. Baadaye naye hakuja. Minyaa imekua mirefu kupita kimo cha mtu, kijani mwaka mzima, na wapita njia wa barabarani huisifu. Mama na dada yake wanapigiana simu. Mama mkubwa hasikii vizuri kwenye simu, basi kila mmoja anazungumza yake, halafu wanaagana. Mara moja moja, mama akizidiwa na hamu, namsindikiza kwa kuzunguka barabara kuu. Bajaji haitaki, anasema inamtikisa mifupa, basi tunatembea kwa miguu ukingoni mwa lami, tunapumzika njiani, na tukifika tunakuwa tumechoka kiasi kwamba maongezi yenyewe huanza baada ya kulala kidogo.

Ni katika safari moja ya namna hiyo nilipomwona mara ya mwisho. Ilikuwa Ijumaa, majuzi, jua limeanza kupungua. Mbele yetu kwenye ukingo wa barabara alisimama mtu mwenye fimbo, ameshikilia mti wa umeme, malori ya mchanga yakipita karibu naye na kumpeperusha shati. Nilimtambua kwa mabega kwanza. Kofia haikuwepo. Nilikuwa nimesikia kwamba alipata kiharusi, na kwamba daktari amemwamuru atembee kila siku, lakini kusikia si sawa na kuona. Mguu mmoja ulikuwa unafuata nyuma, na mdomo umevutika upande.

"Shikamoo mama," alimwambia mama, kwa kujitahidi.

"Marahaba, baba. Pole na maradhi."

Alishukuru. Kisha akatugeukia vizuri, akaonyesha kwa mkono mzima barabara, kuta, mageti, na kwa ulimi mzito ule akatulalamikia, kwa uchungu wa kweli, kwamba katika mji mzima huu hakuna pa mtu kupita kwa miguu.

Nilikuwa na maneno. Niliyatunza kwa muda mrefu, nikiyapanga na kuyapangua nikiwa kwenye cherehani, na yalikuwa makali, na mtu wa kuambiwa alikuwa amesimama mbele yangu hawezi hata kukimbia. Nikafungua kinywa. Mama akanibana kifundo cha mkono.

"Pita huku, upande wa majani," alimwambia. "Ukisikia lori linakuja simama, usitembee nalo. Likishapita ndiyo uende."

Akamsogeza ndani kwa kiganja, yeye mwenyewe akahamia upande wa lami. Lori likaja. Mwenyekiti akamshika mama mkono, akaukaza, macho ameyafumba, na mama akasimama naye mpaka vumbi lilipotulia. Sote watatu tulikuwa na mchanga mdomoni.

"Mama unakwenda wapi na magoti hayo?" aliuliza.

"Kwa dada yangu."

"Ni mbali?"

"Siku hizi ni mbali," mama alisema.

Alimtazama mama, halafu akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama. Mdomo ukamtetemeka upande ule unaofanya kazi, na nikangoja, Mungu ananijua, nilingoja alitoe lile neno hata hapo barabarani, hata kwa sisi wawili. Lori jingine lilikuwa linakuja. Mama akamwambia asimame, akasimama.